Negativu za Lindi Ziko Wapi

Pwani ya Lindi na Kilwa imepigwa picha sana, kwa muda mrefu, na watu waliojua kazi yao. Mlima Tendaguru umepigwa. Bandari ya Lindi imepigwa, Kilwa Kivinje imepigwa, magofu ya Kilwa Kisiwani yamepigwa kutoka angani, kutoka mtumbwini na kutoka ndani ya mashimo ya wachimbaji. Lakini njoo Lindi mjini uulize picha hizo ziko wapi: utaoneshwa kalenda ukutani, au kijana atakutolea simu. Nakala tunazo. Picha mama, zile ambazo nakala zimetokana nazo, nyingi ziko Ulaya.

Mimi ni fundi picha, nimeianza kazi hii enzi ya chumba cha giza. Vijana wanaojifunza huja studio wakaniuliza jambo ambalo wao wanaliona la kitufe tu: nipige kwa faili ghafi, au nipige kwa JPEG? Swali lao lina umri mkubwa kuliko kamera zao. Picha ikishapigwa, nani anabaki na mama yake na nani anapewa nakala? Hapa kwetu swali hilo limejibiwa mara nyingi, na mara nyingi aliyejibu ni bei ya vifaa, wala si mpiga picha.

Tuanze na Karl Weule, kwa kuwa ndiye aliyeingia pasipoingiwa. Alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig, akateremka Lindi katikati ya mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimika sawasawa nchini. Serikali ya Kijerumani ikampa askari wa kumsindikiza. Alibeba kamera ya sahani za kioo, mashine ya sinema, na fonografu ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Akapanda bara mpaka Masasi, kisha Newala na Mahuta juu ya uwanda wa Makonde, akawapiga Wayao, Wamakua na Wamakonde: ndonya mdomoni, chale usoni, ngoma uwanjani. Akapiga na unyago wa wasichana. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Alice Werner, yule mama aliyezisomea sana lugha zetu. Ndani yake mna picha za mambo ambayo mimi, niliyechezwa mkoa huu huu, siwezi kuyasimulia mbele ya mjomba wangu.

Sahani ya kioo ilikuwa na tabia zake. Utando unaobeba picha ni wa jelatini, na jelatini haipendi joto: maji yakiwa ya uvuguvugu inavimba, inalegea, pembeni inaanza kubanduka. Fundi wa zama zile akiwa safarini katika nchi ya joto alikuwa na njia mbili. Asafishe usiku hemani, maji yakiwa yamepoa mtungini, aone alichokipata na kama kimeharibika arudie kesho. Au azifunge sahani kama zilivyo, gizani, azipeleke kwao zikasafishwe huko. Sahani ambayo haijasafishwa ina picha tayari, mwanga umeshafanya kazi yake, ila hakuna jicho linaloiona. Kuibeba hivyo ni kuweka akiba ya uamuzi. Ni kubahatisha pia, maana unyevu na joto la melini haviulizi sahani ni ya nani.

Miaka mitatu baada ya Weule wakaja watu wa mifupa. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin, mwanzoni kwa mikono ya Werner Janensch na Edwin Hennig, yaliendesha uchimbaji wa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, na mtu aliyeijua kazi ile shimoni kwenyewe alikuwa msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilishuka kutoka mlimani hadi bandarini vichwani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu umepita meta 13. Habari ya mifupa tumeizoea. Kila baada ya muda mbunge huiuliza. Picha za uchimbaji hazina wa kuziuliza. Boheti yumo ndani ya picha hizo, amesimama na mifupa mikubwa kumpita. Wamo na wapagazi, ambao wengi hawakuandikwa majina, wamejitwika mizigo iliyofungwa kwa miti. Wajukuu wa watu wale wapo, wengine wananunua vocha dirishani kwangu. Picha za babu zao, na namba za kumbukumbu za picha hizo, ziko Berlin.

Wa tatu ni Walther Dobbertin, na huyu ndiye anayenirudisha kwenye swali la vijana. Alikuwa mpiga picha wa biashara, makao yake Dar es Salaam, na kazi yake imehifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, huko Koblenz. Mwishoni mwa mwaka 2008 hazina hiyo ilitoa picha zaidi ya 80,000 za mikusanyo yake ziwekwe Wikimedia Commons, yeyote azitumie. Za Dobbertin za Afrika Mashariki zikawamo. Lilikuwa jambo kubwa, nami nilishukuru. Ila zilitolewa katika JPEG ndogo, upande mrefu pikseli 800 au karibu na hapo.

Nilichukua moja, askari wamejipanga mstari, nikaikuza kwenye kompyuta ya studio. Mwanzoni inapendeza. Unaona mkao wa kila mtu, unaona nani amechoka. Sogea kwenye kifua cha wa tatu kutoka kushoto, utafute vifungo, au sura yake chini ya kofia. Hapo sura inaisha na vigae vinaanza: miraba, kila mmoja una rangi yake ya kijivu, na ukingo wa kofia umezungukwa na vumbi ambalo halikuwako siku ile uwanjani. Ulichofika ni mwisho wa JPEG, wala si mwisho wa picha. Sahani ya Dobbertin, ukiiweka juu ya taa, ingekuonesha uzi wa kifungo.

Miraba ile haiji kwa bahati mbaya. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake wawili, walichapisha hesabu ya kugeuza kipande cha picha kiwe jumla ya mawimbi, ya taratibu na ya kasi. Jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lililoanza kazi mwaka 1986 likaijenga JPEG juu ya hesabu hiyo, na mwaka 1992 ikawa kanuni ya dunia. Picha hukatwa vipande vya pikseli nane kwa nane. Katika kila kipande mawimbi ya kasi, yaani vitu vyembamba kama nyuzi na nywele, hupunguzwa au hutupwa kabisa, kwa kuwa jicho la mtu haliyakosi sana. Rangi nayo hupunguzwa kuliko mwanga, kwa sababu hiyo hiyo. Kinachobaki ni kidogo mno, na kwa macho ya kawaida huwezi kujua kilichoondoka. Mimi naiheshimu sana JPEG. Wanaoidharau hawajawahi kutuma picha kutoka Nanjilinji.

Faili ghafi ni habari nyingine. Sensa ya kamera haioni rangi, inahesabu mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya kuweka juu ya sensa vichujio vidogo, kila tundu na rangi yake, nyekundu, kijani au bluu, kijani zikiwa mara mbili ya zile nyingine. Faili ghafi ni hesabu ya matundu hayo kabla mtu hajaitafsiri: kila tundu na namba yake, biti 12 au 14, ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Namba hizo si za kulinganisha hivi hivi, maana JPEG huzipanga ngazi zake kwa kufuata jicho, na sensa huzipanga kwa kufuata mwanga wenyewe. Lakini ukiingia vivulini kutafuta kitu, tofauti utaiona.

Kwa wasomaji wa mkoa huu naweza kueleza kwa haraka zaidi: ni korosho. Korosho ghafi inakaa ghalani, inaweza kuwa chochote, lakini mgeni huwezi kumkaribisha nayo. Lazima ibanguliwe, na mwenye mashine ya kubangulia ndiye anayeamua itoke nzima au vipande, na ndiye anayekula faida. Miaka yote korosho zetu nyingi zimepanda meli zikiwa ghafi kwenda India. Kupiga kwa JPEG ni kuiachia kamera ibangue yenyewe, papo hapo, kwa mipangilio iliyowekwa na kiwanda cha Japani, kisha ganda na vumbi vikatupwa. Ghafi inakuachia ubangue mwenyewe, ukiwa na mashine.

Mipangilio ya kiwanda ina historia yake nayo. Enzi ya filamu, Kodak walizipelekea maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu; mafundi waliiita Shirley, jina la mwanamitindo wa kwanza. Rangi ya uso wa Shirley ikikaa sawa, mashine imekaa sawa. Mmwera wa Nyangao akipita kwenye mashine hiyo alitoka meno na macho. Nimeziona picha za namna hiyo nyingi mno katika albamu za watu, harusi nzima ya vivuli, na wenyewe wakidhani ubaya ulikuwa wao.

Narudi nyuma kidogo, kwenye chumba cha giza, kwa sababu ndiko desturi yetu ya nani abaki na nini ilikotengenezwa.

Studio za pwani zilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya Wahindi. Zanzibar Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtoto wake akaiendeleza. Dar es Salaam kulikuwa na zake, na mafundi wengi wa miji midogo walijifunzia nyuma ya makaunta hayo. Mjomba wangu naye ndiko alikopita, kisha akarudi Lindi na mashine ya kukuzia, trei tatu, taa nyekundu na pazia lenye mnazi na ndege. Kanuni yake ilikuwa ya studio zote: mteja anapata picha, negativu inabaki. Zilikatwa vipande vya sita sita, zikatiwa bahasha, zikaandikwa jina na mwezi kwa penseli, zikapangwa kwenye makopo ya biskuti na pakiti za mchele wa kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi ina njaa. Kopo likiachwa wazi masika moja tu, ukungu unatambaa juu ya negativu unachora mizizi, na sura iliyokuwapo hairudi. Biashara yenyewe ilikuwa mle makoponi. Mtu akifariki, nduguze walikuja kusafishiwa nyingine ya kutundika ukutani, na studio yenye negativu ndiyo iliyopata kazi.

Wanawake ndio walioivunja kanuni hiyo. Shughuli za ndani, siku ya singo, siku ya kumtoa biharusi, mwanamume haingii, na bila shaka fundi wa kiume haingii. Mjomba alinifundisha kazi kwa sababu hiyo, si kwa mapenzi ya kufundisha: alichoka kuona pesa za wanawake zinampita. Tatizo likawa la rangi. Filamu za rangi zilipoenea, hapakuwa na wa kuzisafisha Lindi. Mkanda ulipanda basi kwenda Dar es Salaam, ukavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika barabara ikikatika ulikaa njiani kama abiria wengine. Subira watu walikuwa nayo. Wasichokuwa nacho ni ridhaa ya biharusi wao, kichwa wazi, mabega wazi, kupita mikononi mwa vijana wa maabara Kariakoo. Kwa hiyo shughuli za ndani zilibaki nyeusi na nyeupe miaka mingi baada ya mjini pote kugeukia rangi. Nilizisafisha mwenyewe usiku, mlango umefungwa, na asubuhi mama wa biharusi alikuja akiwa na somo, yaani kungwi wa bintiye, kuchukua picha na negativu zote. Zilihesabiwa. Kipande kikipungua, waliketi barazani mpaka kionekane. Sanduku la mama, chini ya kanga na udi, ndilo lililokuwa hazina ya nyaraka ya wanawake wa Lindi, na kwa utunzaji lilizidi makopo ya mjomba, maana moshi wa udi na kitambaa kikavu ukungu hauvipendi.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Ndundu, karibu kilometa moja ya zege juu ya Rufiji, na ndani ya miaka michache barabara ikaleta kamera za dijitali. Hazikutukuta na faili ghafi mawazoni. Zilitukuta na kadi za memori za megabaiti 128. Kamera ya megapikseli sita ya wakati huo ilitoa faili ghafi la megabaiti tano au sita. Kadi moja ikabeba ishirini na kitu. JPEG nzuri ilikuwa nusu ya hapo, na ukishusha ubora kidogo kadi ilimaliza harusi. Kompyuta ya studio ilikuwa ya mtumba, kufungua faili ghafi moja ilikuwa dakika nzima, na umeme ukikatika unaanza upya. Wateja walitaka picha kabla ya Magharibi. Fundi aliyechagua JPEG mwaka 2005 alifanya hesabu sahihi, na huwa nawakatiza vijana wanaowacheka wakongwe kwa hilo.

Ila bwana harusi wa pwani ni mtihani. Ndoa imefungwa baada ya Adhuhuri, anatoka msikitini mchana wa jua la wima: kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inawaka, juu yake joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, kilemba, na chini ya kilemba uso mweusi uliopakwa mafuta. Ukiipimia kamera uso, kanzu inaungua. Darizi ya shingoni, nyeupe juu ya nyeupe, ambayo mshonaji ameikalia wiki kadhaa, inageuka bamba tupu. Ukiipimia kanzu, joho linakuwa shimo na uso unazama. JPEG inakutaka uchague hapo hapo, nawe jasho linakuingia machoni na wapiga dufu wanakusukuma mgongoni. Ghafi inakupa nafasi: unapima kwa kanzu, unapunguza mwanga kidogo hadi darizi ionekane, kisha jioni unaupandisha uso taratibu. Joho linarudi na mikunjo yake. Ukijaribu hivyo kwa JPEG, kivuli kinapanda kikiwa na ile miraba ya nane kwa nane, na shavu la bwana harusi linaota viraka vya kijani. Faili ghafi lenyewe halifanyi miujiza, maana mwanga uliofurika kwenye tundu umefurika, hakuna programu itakayoushona upya. Ndiyo sababu nasema pima kwa kanzu. Uso utakusubiri.

Kadi ziliposhuka bei nikaanza kupiga mambo mawili kwa pamoja, ghafi na JPEG, kama wengi. Kazi iliyonifundisha zaidi faida yake haikuwa harusi. Ilikuwa magofu.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, zikaingia orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa humo mwaka 2014. Katikati ya tarehe hizo kuna mawimbi yanayoula ukingo wa kisiwa upande wa ngome ya Gereza, mizizi inayopasua kuta, na mbuzi. Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya mwanzo ya 1960 alipiga picha nyeusi na nyeupe kila hatua, na kitabu chake cha majuzuu mawili cha 1974 bado ndicho kila mtu anachoanzia. Ukikiweka wazi mbele ya ukuta uleule leo, unaona jiwe lililoondoka. Lakini picha ya kitabuni ni wino wa vitone. Ukitaka kujua ufa ulikuwa na upana gani mwaka 1962, kitabu kinakuishia njiani, unahitaji negativu. Miaka ya 2000 watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuja na mashine za leza wakayapima majengo ya Kilwa na Songo Mnara nukta kwa nukta. Huo ndio ughafi wa mwisho kabisa, mawingu ya nukta yasiyo na mwanga wala kivuli. Nao wamehifadhi Cape Town. Angalau ni Afrika.

Ingia Msikiti Mkuu asubuhi. Upande wa kusini, ule ulioongezwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, una kuba na matao, na jua linaingia kutoka kwenye sehemu iliyopoteza paa na kupiga nguzo chache tu. Nguzo ile inawaka, na kuba juu yake iko gizani. Kwa JPEG nilipata nguzo nzuri na giza, na watalii hupata hivyo hivyo, ndiyo maana kadi zote za posta za Kilwa zinafanana. Kwa ghafi niliipandisha kuba ile nyumbani usiku. Zikatokea tabaka za chokaa, mawe ya matumbawe yaliyochongwa kufuata mviringo, doa la maji yaliyopita mwaka ule, na ufa mwembamba kama uzi ukitoka kwenye doa. Mzee mmoja wa kisiwani niliyemwonesha aliangalia ufa peke yake. Akauliza nina picha ya mwaka wa nyuma ya mahali hapohapo. Ninayo, ghafi, kwa kuwa nilikuwa nimepiga kila upande hata usiokuwa na uzuri, na tulipoziweka mbili pembeni aliona alichokuwa akikitafuta: ufa ulikuwa umeshuka kupita jiwe lililochongwa.

Basi vijana hapo husema, kumbe shangazi jibu ni ghafi, tumalize. Hapana. Mwaka 2005 pakazuka ugomvi mkubwa kati ya Nikon na watengenezaji wa programu, kwa sababu kamera mpya ilifumba kwa siri sehemu ya habari za rangi ndani ya faili ghafi. Mwaka mmoja kabla Adobe walikuwa wametoa DNG, muundo wa wazi wa faili ghafi ambao yeyote anaweza kuusoma, na watengenezaji wakubwa wa kamera hawakuupokea. Canon peke yao wamepita CRW, CR2 na CR3. Kila kiwanda na ganda lake. JPEG ya mwaka 1995 inafunguka kwenye simu ya bei ya chini kabisa sokoni Lindi leo. Isitoshe, JPEG inatembea. Diski za mafundi wengi wa pwani zimekufa kwa chumvi zikiwa na faili zao ghafi, na picha za harusi zilizosalimika ni zile nyepesi zilizotumwa kwa shangazi Maskati na kaka Temeke. Waliokosa nafasi ya kuweka mama wa picha wameokolewa na wingi wa nakala. Kwa magofu napiga ghafi, nageuza DNG, naweka diski mbili katika miji miwili. Kwa harusi napiga zote mbili, bwana harusi kwa ghafi, karamu kwa JPEG, na mwenye pesa ndogo sitamuuzia asichokihitaji. Mpwa wangu anapigia simu, nayo siku hizi inatoa DNG, kisha anazituma kwa WhatsApp inayozibana mara ya pili. Nikimgombeza anasema mteja ameshalipa.

Shughuli za ndani ndizo zilizonishinda kupanga, kwa sababu wenyewe wameshazipanga. Zamani waliondoka na negativu. Dijitali ilipoingia waliondoka na kadi: nilileta kadi mpya, bei yake imo kwenye malipo, na mama wa biharusi aliifunga kwenye pindo la kanga shughuli ikiisha. Wakati wa ghafi na JPEG ikawa vigumu kidogo. Nyumbani walifungua kadi kwenye kompyuta, JPEG zikaonekana, na zile faili nyingine zikakaa tu, hazifunguki, zina namba zilezile. Haikuchukua muda wakajua ni nini.

Somo mmoja wa Mingoyo, mama wa makamo anayeogopwa na mabinti wote wa upande ule, alikuja studio na mwenzake, wakakataa viti.

"Fundi, picha tumezipata, zimependeza, Mungu akuweke. Sasa zile zisizofunguka?"

"Zimo kwenye kadi yenu, somo."

"Zimo kwenye kadi. Na kwenye kompyuta yako?"

Nikamweleza kwamba nimezinakili kwa ajili ya kutengeneza rangi, kwamba ndizo zenye ubora, kwamba biharusi akitaka ya kukuza miaka ishirini ijayo atazihitaji. Alinisikiliza vizuri kabisa.

"Akizihitaji zimo kwenye kadi, na kadi imo sandukuni. Haya, washa mashine tuone unavyozifuta."

Nikawasha. Alisimama nyuma yangu akazihesabu zikiondoka, kisha akaniambia nifungue na lile pipa la taka la kwenye kompyuta, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa ameshamwambia kwamba mnapozificha ni humo.

Tangu hapo bei ya shughuli za ndani ninaitaja pamoja na kadi na pamoja na kufuta, na kutengeneza rangi nakwenda kukufanyia kwenu, na laputopu, mlango umefungwa.